MATENGENEZO YA NYUMBA: PAA LILILOBONYEA

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Methali hii wengi wetu twaitumia kwa kuonya tabia za watu, walakini maneno yake ni ya nyumba. Katika somo hili twataka kuirudisha nyumbani, tukaizungumze ile sehemu ambayo watu huitazama mara chache kuliko zote, nayo ni paa.

Tusemapo paa lililobonyea twamaanisha hivi. Simama mbali kidogo, mbele ya nyumba, ukautazame mstari wa kilele cha paa toka pembe hii hata pembe ile. Wapaswa kuuona umenyoka kama uzi uliovutwa. Katika nyumba nyingi za zamani hauko hivyo, bali umeshuka katikati kama mgongo wa punda mzee. Mwenye nyumba huuona kila siku arudipo shambani, na kwa kuwa ameuzoea, haushughulikii tena. Mgeni akiuliza, hujibiwa, "Nyumba hii ni ya zamani, ndivyo ilivyo." Jawabu hilo si kweli. Uzee peke yake haulipindi paa. Paa hupinda kwa sababu, na sababu hiyo ina mahali pake ndani ya nyumba, nayo yaweza kutafutwa ikaonekana, na mara nyingi yaweza kuondolewa kwa gharama ndogo kama haikuachwa miaka mingi.

Jambo kubwa la somo hili twaliweka hapa mwanzo, ili msomaji alishike: paa hubonyea juu, lakini ugonjwa wake aghalabu uko chini. Asiyelijua jambo hili hupanda juu akaongeza makuti, au akagongomea bati jipya, na kwa kufanya hivyo humtwika mgonjwa mzigo mwingine.

VIUNGO VYA PAA NA NJIA YA MZIGO

Yafaa kwanza tupatane juu ya majina, maana kila nchi ina maneno yake. Tutwae mfano wa nyumba ya miti na udongo, ya namna ijulikanayo pwani na katika miji mingi ya bara: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma. Kuta zake ni nguzo zilizochimbiwa ardhini, zikafungwa fito za kukingama, zikajazwa udongo na mawe, kisha zikakandikwa. Juu ya vichwa vya nguzo hizo hulazwa miti mirefu iitwayo miamba. Mwamba ulio juu ya yote ni ule wa kileleni, nao huchukuliwa na nguzo ndefu zisimamazo katika kuta za ndani. Toka mwamba wa kileleni hata miamba ya kuta za nje huteremka makombamoyo. Juu ya makombamoyo hufungwa pao, na juu ya pao ndipo huja makuti, au majani, au bati. Tena kuna mti ukingamao toka ukuta wa mbele hata ukuta wa nyuma, kazi yake kuzishika kuta mbili zisiachane. Huo huitwa mtambaapanya, na jina lenyewe laeleza kuwa ndiyo njia ya panya usiku.

Sasa fuata njia ya mzigo. Makuti hulemea pao. Pao hulemea makombamoyo. Makombamoyo hulemea miamba. Miamba hulemea nguzo. Na nguzo hulemea ardhi. Kila kiungo hupokea kutoka kwa kilicho juu yake na kumpa kilicho chini yake, kama wapagazi wapokezanao mzigo. Mmoja akilegea, wote walio juu yake hushuka pamoja naye. Kwa hiyo ukiliona paa limeshuka, usiulize tu, "Paa lina nini?" Uliza, "Ni yupi katika wapagazi aliyelegea?"

SABABU NNE

Sababu ya kwanza, nayo ndiyo ya mara nyingi, ni mguu wa nguzo. Mti ulio mkavu daima hauozi. Na mti uliozama majini kabisa huoza polepole mno. Mahali pabaya ni pale penye unyevu na hewa pamoja, yaani kiasi cha shibiri moja juu ya ardhi na shibiri moja chini yake. Hapo kuvu huota na mti huoza, na hapo ndipo mchwa huingia. Nguzo yaweza kuwa nzima kichwani, ngumu kama siku ilipokatwa, na huku mguu wake umekuwa unga. Bandu bandu humaliza gogo, na mchwa hawana haraka. Nguzo ndefu ya katikati ikizama inchi mbili, mwamba wa kileleni huifuata, na paa lote hubonyea ingawa hakuna mti hata mmoja uliovunjika huko juu.

Sababu ya pili ni mwamba mwembamba kuliko urefu wake. Watu wengi hudhani kuwa mti usiovunjika umetosha. Lakini mti wenye kulemewa usiku na mchana huendelea kupinda kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, hata kama mzigo hauongezeki. Na mti uliotiwa ukiwa mbichi hupinda zaidi kuliko uliokaushwa kwanza.

Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili darasani bila gharama. Twaa ufito mmoja ulionyoka, urefu wake kiasi cha futi 7. Uweke juu ya viti viwili vilivyoachana futi 6. Tundika jiwe katikati, lenye uzito wa kuupinda inchi 4, kisha upime. Sasa visogeze viti hata viachane futi 3, na jiwe lile lile uliweke katikati tena. Wanafunzi wengi watabashiri ya kuwa ufito utapinda inchi 2, maana urefu umepungua nusu. Hautapinda hivyo; utapinda kiasi cha nusu inchi tu. Urefu ukipungua nusu, kupinda hupungua mara 8. Ndiyo maana nguzo moja iliyotiwa katikati ya mwamba yaweza kuliponya paa ambalo miti kumi mipya juu yake isingeliponya.

Jaribio lingine ni la ubao wa inchi 2 kwa 4. Uulaze kibapa, uupime unavyopinda kwa mzigo. Kisha usimamishe kwa ubavu wake mwembamba, kwa mzigo ule ule. Ubao ni mmoja, lakini ukisimamishwa ugumu wake wa kutopinda huwa mara 4. Fundi alazaye mbao za paa kibapa kwa kuwa ni rahisi kugongomea, amepoteza robo tatu ya ugumu wa mbao alizozinunua.

Sababu ya tatu ni kuta ziachanazo. Mshike mwanafunzi mmoja fito mbili fupi, azikutanishe vichwa juu ya meza laini, miguu yake imetengana kama makombamoyo ya paa. Akivisukuma vichwa kwa kidole, miguu huteleza nje na fito huanguka. Kisha funga uzi toka mguu huu hata mguu ule, asukume tena. Fito zitasimama. Uzi ule ndio mtambaapanya. Mzigo wa paa haushuki chini tu, bali huzisukuma kuta nje pia. Katika nyumba nyingi za zamani mtambaapanya ulikatwa na watu wenyewe, ama kwa sababu uligonga vichwa vya warefu, ama kwa kutaka chumba kiwe na nafasi. Siku uliyokatwa hakuna lililotokea, na kwa hiyo watu wakaona haukuwa na kazi. Baada ya misimu kadhaa ya mvua ukuta wa mbele unaegemea nje, na kilele kimeshuka.

Sababu ya nne ni mzigo ulioongezwa. Wako waezekao makuti mapya juu ya makuti yaliyooza bila kuezua kwanza. Makuti yaliyooza hunyonya maji kama sifongo, hayakauki upesi, na mvua ikinyesha siku tatu mfululizo uzito wake huongezeka sana. Wako pia waweka darini magunia ya mahindi, wakasahau kuwa dari ile ilifanywa kwa vitu vyepesi.

NAMNA YA KUICHUNGUZA NYUMBA

Uchunguzi huu wataka asubuhi moja, na vyombo vichache: uzi mrefu, timazi, kisu chenye ncha, nyundo ndogo, na tochi.

Anza nje. Vuta uzi kuufuata mstari wa kilele, toka ncha hata ncha, ukapime umbali kati ya uzi na kilele mahali paliposhuka zaidi. Andika kipimo hicho na tarehe. Kisha shusha timazi kwenye kila ukuta wa nje, uone kama umesimama wima au umeegemea nje.

Ndani, tafuta nguzo iliyo karibu na mahali paa liliposhuka zaidi, na uanze na mguu wake. Bandua udongo wa kukandika kiasi cha shibiri mbili toka chini. Gonga kwa nyundo. Mti mzima hutoa sauti kavu na kali. Mti ulioliwa ndani hutoa sauti ya kopo tupu. Choma kwa kisu. Kisu kikiingia kama katika muhogo uliopikwa, umemwona mgonjwa wako. Tazama pia vijia vyembamba vya udongo vipandavyo juu ya mti au ukuta. Hivyo ni barabara za mchwa, ambao hawapendi mwanga wala hewa kavu, na kwa hiyo hutembea chini ya vifuniko wavijengavyo wenyewe.

Kisha panda juu, utazame miamba kama imepasuka, makombamoyo kama yameachana na mwamba wa kileleni, kamba kama zimeoza, na mahali palipo na alama nyeusi za maji. Hesabu mitambaapanya, ukatafute vishina vya ile iliyokatwa.

Mwisho, zitazame nyufa za kuta. Penye ncha ya kila ufa piga mstari mdogo wa penseli, ukaandike tarehe kando yake. Rudi baada ya mwezi mmoja. Ufa uliosimama pale pale ni kovu tu. Ufa uliouvuka mstari ni jeraha lililo hai. Kwa njia hii rahisi mtu hujua kama nyumba yake ingali ikisogea au imetulia.

DALILI ZA KUHAMA UPESI

Si kila paa lililobonyea li karibu kuanguka; mengine yamekaa hivyo miaka mingi. Lakini ziko dalili zisizotaka kungoja. Mlango au dirisha lililofunguka vizuri wiki iliyopita, na leo limekwama. Mlio wa kupasuka mti usikiao usiku wakati wa mvua au upepo. Ufa mpya uliokuwa haupo jana. Udongo au vumbi la mti lianguka vitandani bila sababu. Kilele kilichoshuka kwa kipimo kilichozidi kile ulichokiandika. Ukiziona mbili katika hizi kwa pamoja, watoe watu nje usiku ule ule, hata kama mvua inanyesha. Godoro lililolowa hukauka.

KAZI YENYEWE

Kanuni ya kwanza haina ruhusa ya kuvunjwa: usikate, usichimbue, wala usiondoe kitu chochote kabla ya kuweka mihimili ya muda. Tena wakati wa kazi asibaki mtu ndani ila mafundi, wala mtoto wala mnyama.

Tuseme mgonjwa ni nguzo ya katikati. Weka mihimili miwili, mmoja kila upande wa nguzo ile, karibu nayo. Chini ya kila mhimili laza ubao mpana na mnene, ili mhimili usizame ardhini. Kati ya ubao na mhimili tia kabari mbili zitazamanazo, ukazigonge kwa zamu, huku na huku. Kabari hizo huinua polepole na sawasawa. Ukipata jeki ya gari yaweza kutumika kwa kuinua, lakini isiachwe peke yake kuuchukua mzigo usiku. Iinuapo, kabari zifuate. Kila mhimili ufungwe kwa mti wa mshazari usije ukaanguka ubavu.

Usiinue zaidi ya robo ya inchi kwa siku moja. Nyumba iliyoshuka kwa miaka ishirini haipendi kuinuka kwa saa moja. Kuta zimekwisha kuufuata mshuko ule, ukizilazimisha, zitapasuka. Baada ya kila kuinua, nyamaza usikilize, ukazitazame zile alama za penseli. Zikianza nyufa mpya, acha. Wala si lazima kilele kinyoke kabisa. Paa lililobaki na mshuko mdogo, lakini halisogei tena, ni bora kuliko paa lililonyoka juu ya ukuta uliovunjika.

Mzigo ukiisha kuhamia juu ya mihimili, nguzo mbovu italegea. Ikate hata ufike penye mti mzima, ukapite kidogo. Mahali pa mguu ule usichimbie mti mwingine ardhini, maana utauandalia mchwa chakula kipya. Chimba mpaka ardhi ngumu, ukajenge kiguzo cha mawe au zege kiinukacho kiasi cha futi moja juu ya ardhi. Juu yake weka kipande cha bati kipana kuliko kiguzo, kingo zake zimepindwa chini. Bati hilo haliwaui mchwa, bali huwalazimisha kuzunguka nje wakajenge vijia vyao mahali pa wazi, ambapo jicho la mwenye nyumba litawaona. Kisha simamisha nguzo juu yake, na uifunge kwa vyuma vilivyotiwa ndani ya zege, ili upepo usiiinue.

Kama mgonjwa ni mwamba uliopinda, dawa ziko tatu. Ya kwanza na iliyo bora ni nguzo mpya katikati yake, kama lilivyotuonyesha jaribio la ufito. Ya pili, mahali nguzo haiwezi kuwekwa, ni mikono ya mshazari, itokayo katika nguzo mbili za kando na kuushika mwamba kabla ya katikati, hivyo kuufupisha urefu wake. Ya tatu ni kuutilia pacha, yaani mti mpya ulionyoka ulazwao ubavuni mwa ule wa kale, urefu ule ule, ncha zake zikikalia nguzo zile zile. Pacha asiyefika nguzoni ni mzigo wala si msaada.

Kama kuta zimeachana, irudishe mitambaapanya: mmoja kila penye ukuta wa kugawa vyumba, na mwingine katikati kama chumba ni kirefu. Ikae chini, usawa wa vichwa vya kuta. Kadiri inavyopandishwa juu ndivyo nguvu zake zinavyopungua. Kumbuka kuwa mti huu havumilii kulemewa tu, bali huvutwa pande mbili. Kwa hiyo ncha zake zisishikwe kwa msumari mmoja. Zikatwe pengo la kukalia mwamba, zikazwe kwa bolti au kwa mkanda wa chuma.

JUU YA MABATI

Wengi huona kuwa dawa ya paa la zamani ni kuliondoa makuti na kutia bati. Ni kweli kuwa bati ni jepesi, na halishiki moto upesi kama makuti. Lakini lina masharti mawili. Kwanza, lataka mifupa iliyonyoka. Likigongomewa juu ya pao zilizobonyea, maungio yake hayalali, na maji huingia pale pale ambapo ubovu umefichwa. Pili, wepesi wake ni adui wake wakati wa upepo. Paa la makuti hukaa kwa uzito wake. Paa la bati lataka kufungwa toka pao hata kombamoyo, toka kombamoyo hata mwamba, na toka mwamba hata nguzo, la sivyo dhoruba italichukua lote.

Onyo lingine lahusu shule na nyumba kadhaa za zamani zilizoezekwa kwa mabamba ya kijivu ya asbesto. Mabamba hayo yakikatwa, yakitobolewa au yakivunjwa hutoa vumbi lisiloonekana kwa jicho, nalo likivutwa pumuani huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Asiyaguse mtu kwa msumeno wala nyundo. Waitwe watu waliofundishwa kazi hiyo.

NYUMBA ZA MAWE

Ndugu zetu wa miji ya kale ya pwani, kama Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, wana paa la namna nyingine: boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa. Vyumba vyao ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wake ulipimwa na urefu wa boriti. Hapa ugonjwa hauanzi mguuni bali katika ncha za boriti zilizozikwa ndani ya ukuta. Marizabu ikiziba, maji husimama juu, hupenya ukutani, na ncha huoza mahali pasipoonekana. Na maji yenyewe ni mazito. Juu ya chumba cha mita 3 kwa mita 6, maji yakisimama kimo cha sentimita 5 tu, uzito wake ni kilo 900. Mwenye nyumba aonapo pavuja, hutandika tabaka la saruji juu ya lile la zamani; akaongeza uzito, na unyevu ukafungiwa ndani. Kazi ya kwanza katika nyumba kama hizi ni kuzibua marizabu kabla ya kila msimu wa mvua, kisha kuziba kwa chokaa.

Wala ukubwa wa nyumba si kinga. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, ilikuwa jengo mashuhuri kuliko yote ya mji ule. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka wakati kazi ya matengenezo ilipokuwa ikiendelea, na watu wawili wakafa. Twaitaja habari hii ili kila fundi akumbuke kuwa saa ya matengenezo ni saa ya hatari, hata katika jumba la kifalme.

WAKATI NA MITI

Kazi ya paa ifanywe katika kiangazi. Penye masika ya Machi hata Mei na vuli ya Oktoba hata Desemba, miezi ifaayo ni Juni hata Septemba, au Januari na Februari. Aanzaye kuezua wingu likiwa limekwisha kutanda ameanza kazi mbili kwa pamoja.

Miti ikatwe mapema, itolewe gamba, ikaushwe kivulini, imelazwa juu ya mawe isiguse ardhi. Mvule na mninga hustahimili mchwa, lakini kwa kiini chake tu. Ile sehemu nyeupe ya nje huliwa kama mti mwingine. Mikaratusi hupatikana kwa urahisi siku hizi, walakini ikitumiwa mibichi hupasuka na kupinda ikaukapo. Mikoko ni miti bora, lakini misitu yake hulindwa na sheria, maana ndiyo iushikao ufuo na kuwalea samaki wachanga. Mtu asikate bila kibali. Na mwenye kununua miti iliyotiwa dawa asitumie vipande vyake kwa kupikia, kwa sababu moshi na majivu yake yaweza kuwa na sumu.

WAJIBU WA WAKUU NA WALIMU

Kazi tuliyoieleza si ngumu kwa kijana mwenye nguvu na jamaa. Lakini nyumba zilizobonyea zaidi aghalabu si za vijana. Ni za wajane, na za wazee ambao watoto wao wamekwenda mijini. Bibi kizee anajua vizuri kuwa nguzo ya ukumbi wake imeliwa, ameisikia usiku. Hasemi, kwa sababu hana wa kumtuma, tena anaona haya kuomba.

Kwa hiyo twawaomba machifu na wazee wa vijiji wafanye jambo moja: kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya masika, wapite nyumba kwa nyumba wakivitazama vilele. Penye mashaka, uvutwe uzi na mguu wa nguzo uchomwe kisu. Nyumba za wasiojiweza ziandikwe, na zitengenezwe kwa ujima, kama babu zetu walivyokuwa wakiezekeana kwa zamu, mwenye nyumba akitoa chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Nao walimu waanze na paa la shule yao wenyewe, maana chini yake hukaa watoto wa kijiji kizima kwa pamoja. Wanafunzi waliofanya jaribio la ufito na la uzi waweza kupewa kazi ya kupima kilele na kuandika vipimo katika daftari, mwaka hata mwaka.

Uzi, kisu na penseli si vitu vya gharama kubwa. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda shamba, simama mbali kidogo na nyumba yako, ukautazame mstari wa kilele. Kisha, kama umeshuka, usiangalie juu tena. Ingia ndani, piga magoti penye nguzo ya katikati, ukagonge mguu wake.